SOMO LA LEO: "Umezijaribu kabla hujanitumia?" Jinsi ya kupima mota ndogo za bei chee kabla mteja hajakupimia

 

Leo somo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye daladala lisave ulisome ukitulia. Ni kwa ajili ya wote tunaouza vitu vidogo vya umeme mtandaoni: mota za magari ya kuchezea, feni ndogo, vifaa vya projekti za wanafunzi, taa, pampu za maji za volti 12. Mimi nitatumia mfano wa mota kwa sababu ndizo zilizonifundisha, tena kwa maumivu. Wewe unayeuza chaja au spika usiondoke, mwisho utaona linakuhusu.

ILIKUWAJE

Niko Chang'ombe. Huku wateja wa mota wapo wengi kuliko unavyofikiri. Kuna VETA, kuna chuo cha ualimu cha DUCE, na shule za sekondari ziko kila kona. Wanafunzi wanatengeneza vigari, vifeni, mashine za kukoroga. Ikifika Sabasaba, Idd na Krismasi, wazazi nao wanatafuta fundi wa kufufua gari la mtoto lililokufa siku ya pili tu.

Mwaka juzi nikapewa chimbo Kariakoo na winga mmoja. Mota ndogo, zile za ukubwa wa 130, shilingi 800 kipande ukichukua nyingi. Nikachukua 120. Hiyo ni 96,000. Nikapiga picha nzuri, nikaposti: "Mota kali, mzigo mpya, 2,000 tu."

Siku ya tatu akanipigia mwalimu wa sayansi wa shule moja huku Temeke. Anataka 40 kwa ajili ya klabu ya wanafunzi. Vigari 20, kila kimoja mota mbili. Jumamosi wana maonesho na wazazi wanakuja. Nikafungasha Alhamisi jioni, bodaboda akapeleka, 80,000 ikaingia. Siku hiyo nilijiona tajiri.

Jumamosi saa nane mchana nikapata ujumbe wa sauti. Vigari saba kati ya 20 vimekataa. Vingine havikuondoka kabisa mpaka uvisukume, vingine vilizunguka duara kama kuku aliyekatwa kichwa. Watoto wa kidato cha pili walikuwa wamefanya kazi wiki sita, wakasimama mbele ya wazazi wao na gari haliendi. Mwalimu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ulizijaribu kabla hujanitumia?"

Nikajibu: "Ndiyo mwalimu."

Nilidanganya. Sikuwa nimejaribu hata moja.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikatoa zile 80 zilizobaki nikaanza kuzijaribu moja moja kwa betri mbili za redio. Nilichokiona ndicho kilichozaa somo la leo.

1. KWANZA JUA UNACHOUZA

Wengi tunasema "mota ya 130" tukidhani tumetaja mota. Hapana. 130 ni umbo tu. Asili yake ni mota ya FA-130 ya kampuni ya Mabuchi ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1954. Umbo lile limeigwa na viwanda vingi mpaka namba imekuwa jina la saizi, kama tunavyoita kila dawa ya meno kwa jina la kampuni moja. Kwa kipimo, mwili una urefu wa milimita 25 hivi, umebonyea pande mbili, na shafti ni milimita 2.

Ndani ya umbo hilohilo waya unaweza kuwa tofauti kabisa. Chukua Mabuchi wenyewe. Wana FA-130RA-2270 na FA-130RA-18100. Ile namba ya mwisho inasema waya. 2270 ni waya wa milimita 0.22 uliozungushwa mara 70. 18100 ni waya wa milimita 0.18 uliozungushwa mara 100. Ya kwanza imekusudiwa volti 1.5, ya pili volti 3. Ukizitazama kwa nje ni pacha, ila ukizipa umeme sawa, yenye mizunguko mingi ya waya inakwenda taratibu zaidi na kula umeme kidogo.

Sasa kwenye mzigo wa bei chee hakuna namba yoyote. Katoni moja inaweza kuwa na za volti 3, za volti 6 na hata za volti 12 zimechanganywa. Mteja akifunga ya volti 12 kwenye kigari cha betri mbili, itajikongoja. Atasema ni kimeo, kumbe mota ni nzima ila siyo yake.

Hata zikiwa za aina moja bado hazilingani. Sumaku moja ina nguvu kuliko nyingine. Bushi moja imekaa upande. Brashi, yaani vile vijibati vya ndani vinavyogusa na kupeleka umeme kwenye koili, moja imebana na nyingine imelegea. Kiwanda cha bei chee hakipimi moja moja. Maana yake ni kwamba kazi ya kupima wamekuachia wewe, na wewe usipoifanya umemwachia mteja.

Huko Uingereza kuna watu wazima kabisa wanaoshindanisha vigari vya umeme vinavyopita kwenye mfereji wa njia. Mchezo wenyewe umeenea tangu Scalextric walipoingia sokoni mwaka 1957. Wale wananunua mota za bei rahisi nyingi kwa mpigo, wanapima zote, wanachagua zilizo bora. Wenzetu wanafanya kwa ajili ya ushindi, sisi tutafanya kwa ajili ya ugali.

2. VIFAA VYA KUPIMIA

Usiogope, hatujengi maabara. Mimi ninavyo hivi:

- Adapta ya king'amuzi kibovu, volti 12.
- Moduli ya kushusha umeme ya LM2596, ile yenye kiskrubu cha kuzungusha. Nimeiweka volti 3 kamili.
- Mita mbili za kawaida za fundi, zile za DT830. Moja inasoma ampea, nyingine volti. Ukiwa na moja inatosha, ila utachelewa.
- Mota moja nzuri niliyoichagua. Hiyo ndiyo kipimo changu na haiuzwi.
- Kipande cha ganda la waya wa 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Vuta shaba utoe, ganda linabana shafti ya milimita 2 vizuri sana.
- Kibao, na vijiti viwili vya mbao nilivyogundisha kama mfereji ili mota ikae bila kucheza.

Kwa nini nisitumie betri? Kwa sababu betri inadanganya. Zile za bei ya chini zikipewa mota, volti zinashuka palepale, na kadiri unavyoendelea zinashuka zaidi. Mota ya kwanza utaiona kali, ya hamsini utaiona mbovu, kumbe betri ndiyo imechoka. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, umeme lazima uwe uleule.

Angalizo kwa wasiozoea mita: ukipima ampea, waya mwekundu uhamishie kwenye tundu la 10A. Ukiuacha kwenye tundu la kawaida utaunguza fyuzi ya ndani. Ukimaliza rudisha, maana ukipima volti huku waya uko kwenye tundu la ampea umepiga shoti.

3. HATUA ZA KUPIMA

Hatua ya kwanza: vidole na masikio. Zungusha shafti kwa mkono. Mota hizi zina koili tatu, utasikia inashika na kuachia, inashika na kuachia, mara sita kwa mzunguko mmoja. Isiposhika popote, sumaku ni dhaifu au haipo. Ikikwaruza, kuna uchafu ndani au bushi imepinda. Shafti kucheza kidogo mbele na nyuma ni kawaida. Ikicheza kushoto na kulia, weka pembeni.

Hatua ya pili: kuwasha mara sita. Hii ndiyo hatua ambayo ingeniokoa kwa mwalimu. Washa, zima, geuza shafti kidogo kwa kidole, washa tena. Fanya mara sita kutoka sehemu tofauti. Mota yenye koili moja iliyokatika itazunguka vizuri ikishaanza, lakini ikisimama sehemu mbaya haianzi mpaka isukumwe. Ukiijaribu mara moja tu unaweza kubahatika ikaondoka, ukaiuza. Mteja atabahatisha vingine.

Hatua ya tatu: ampea ikizunguka bure. Iache izunguke kwa volti 3 bila kuivalisha kitu, subiri sekunde tano, soma mita. Kwenye mzigo wangu nzuri zinasoma kati ya 0.15 na 0.30. Ikifika 0.40 na kuendelea, kuna msuguano. Tone moja dogo la mafuta ya cherehani kwenye bushi huwa linaokoa baadhi. Usimwagie ndani, mafuta yakifika kwenye brashi umeiharibu. Namba ikirukaruka bila kutulia, brashi hazigusi sawasawa. Kisha geuza waya izunguke upande wa pili, soma tena. Zitofautiane kidogo tu.

Ukikuta ampea ni ndogo sana na mota inazunguka polepole, usiitupe. Huenda ni ile ya volti 6 au 12 iliyojificha. Iongezee volti uone kama inachangamka.

Hatua ya nne: kasi. Hapa ndipo wengi wanauliza, "Mashine ya kupima mizunguko nitaitoa wapi?" Hauihitaji. Mota ukiizungusha kwa nguvu ya nje inageuka jenereta, inatoa volti, na volti zinapanda sawasawa na kasi. Kwa hiyo chukua ile mota yako ya kipimo, iunganishe shafti kwa shafti na mota unayoijaribu kwa kutumia lile ganda la waya. Washa mota ya mteja kwa volti 3. Kwenye mota ya kipimo funga mita ya volti tu.

Kwangu mota nzuri zinasoma kati ya 2.5 na 2.7. Inayosoma 2.1 ni nzito. Huna haja ya kujua ni mizunguko mingapi kwa dakika, unachotaka ni kujua nani mkali kuliko nani. Kwa mwenye hamu ya namba, katalogi ya Mabuchi inaipa FA-130RA-2270 mizunguko kama 9,100 kwa dakika ikizunguka bure kwa volti 1.5. Ni kasi kubwa, ndiyo maana kwenye vigari lazima kuwe na gia.

Kama unauza zile mota za njano zenye gia, za magurudumu ya roboti, kazi ni rahisi zaidi. Chora alama kwenye gurudumu, rekodi video ya simu sekunde kumi, hesabu mizunguko. Zidisha mara sita umepata kwa dakika.

Hatua ya tano: kuibana. Hii usiifanyie mota zote, chukua moja kati ya kumi. Shusha volti mpaka 1.5, shika shafti kwa koleo isizunguke, soma ampea haraka, uachie. Isizidi sekunde mbili. Mota iliyozuiwa inakula umeme mwingi kuliko wakati wowote, hata ampea 2 kwa hiyo 1.5 tu, na umeme wote unageuka joto. Inayokula kidogo sana hapa haina nguvu ya kusukuma gari. Hatua hii inakufundisha pia cha kumwambia mteja: gari likikwama kwenye ukuta, zima kwanza.

Hatua ya sita: joto. Mota tatu kutoka kila mzigo mpya, zivalishe pangaboi dogo, ziache dakika 20. Ukishindwa kuzishika kwa kidole, au ukisikia harufu ya waya kuungua, mzigo huo usiuuze kwa watu wa magari.

Hatua ya kwanza mpaka ya nne kwa mota moja inanichukua sekunde 45 hivi. Mota 120 ni dakika 90. Ni mechi moja ya Simba na Yanga, tena hapa Temeke uwanja wa Mkapa uko jirani na kelele zinakusindikiza.

4. TWENDE KWENYE HESABU

Usiku ule kwenye zile 80, matokeo yalikuwa haya:

Nzuri: 54
Zinazunguka lakini nzito: 15
Kimeo kabisa: 11

Nilikuwa nazihesabu kwa 800 kila moja, yaani 64,000. Lakini 11 haziuziki. Zinazouzika ni 69. Gawanya 64,000 kwa 69, unapata karibu 930. Hiyo ndiyo bei yangu halisi ya kununulia, siyo 800. Wengi wetu tunakula hasara bila kujua kwa sababu tunapanga bei kwa namba ya winga badala ya namba ya mezani.

Sasa hesabu ya pili. Nikiuza 2,000, faida kwa mota moja ni 1,070. Mteja mmoja akirudisha, bodaboda kwenda 3,000 na kurudi 3,000. Hiyo 6,000 imemeza faida ya karibu mota sita. Na hapo bado hujamrudishia hela yake, na bado hajaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba wewe ni tapeli. Mteja wa mkoani ndiyo kabisa. Mzigo umeshapanda basi Mbezi, umefika Songea, kinarudije?

Kwa hiyo dakika 90 za kupima siyo za kupoteza muda. Ni kazi ya faida kubwa kuliko hata kuposti.

5. KUPIMA KUNAONGEZA BEI, SIYO KUZUIA HASARA TU

Hili nililigundua baadaye. Unakumbuka vigari vilivyozunguka duara? Mota zake nyingi hazikuwa mbovu. Shida ni kwamba kushoto palikaa kali na kulia palikaa nzito. Gari linapinda kuelekea upande wa mota nzito. Kila mota peke yake inafaa, ila pamoja haziendani.

Sasa hivi kila mota naiandikia namba yake ya kasi kwa kalamu ya maka mgongoni. 2.62 nampa mwenzake wa 2.60. Nazifunga mbili mbili kwenye kifuko, naziita "mapacha". Mota mbili za kawaida ni 4,000. Mapacha ni 5,000. Wanafunzi wa roboti wananunua mapacha, hawaulizi mara mbili, kwa sababu muda wao wa kuhangaika na gari linalopinda una thamani kuliko buku moja.

Zile nzito 15 nazo hazitupwi. Zinafaa feni ndogo na vitu visivyohitaji mbio. Naziuza 1,200 na naandika wazi: "Kwa feni na majaribio, siyo kwa gari la mbio." Kimeo nakiuza kama vipuri au nawapa watoto wa mtaani wavunje watoe sumaku. Ila siku zote nakata miguu yake ya umeme kwanza, isije ikarudi kwenye stoki kwa bahati mbaya.

6. SIYO KILA MALALAMIKO NI MOTA

Ukishapima unakuwa na ujasiri wa kumsaidia mteja badala ya kubishana naye. Mteja akisema haizunguki, namuuliza maswali matatu, kwa upole:

"Umeunganisha na nini?" Wanafunzi wengi wanachomeka mota moja kwa moja kwenye pini ya Arduino. Pini ile haitoi hata ampea 0.05, na mota inataka mara nyingi ya hapo. Haitazunguka, na bodi inaweza kufa. Anahitaji moduli ya kuendeshea mota katikati.

"Moduli gani, na betri volti ngapi?" Ile ya L298N inayouzwa kila mahali inameza karibu volti mbili yenyewe. Ukiipa volti 4.5, mota inabakiwa na kiduchu. Mteja anadhani mota ni dhaifu.

"Betri ni mpya, na ni aina gani?" Nimeshalieleza hapo juu.

Wateja wengi wanaoanza na "umeniuzia kimeo" wanaishia na "asante kaka, imekubali". Na mara nyingi wananunua na ile moduli.

7. KUANDIKA POSTI NA KUKUBALIANA NA WINGA

Acha "mota kali, usipitwe". Andika ulichopima. Mfano wangu:

"Mota saizi 130, shafti milimita 2. Kila moja imejaribiwa kwa volti 3, pande zote mbili, kuwashwa mara sita. Kwa matumizi ya betri mbili. Ikifika haizunguki ndani ya siku 7, nakubadilishia, usafiri juu yangu. Haihusu iliyounguzwa kwa volti kubwa."

Video weka ile ya mota ikiwa kwenye kibao chako, mita inaonekana. Usikopi video ya Mchina. Na usiandike jina la kampuni kubwa kama siyo ya kwao. Bidhaa bandia ni kesi, Tume ya Ushindani wanazishughulikia, na mteja anayejua atakuumbua hadharani.

Yale maneno ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", dukani labda mtu ameshika na kuiona. Mtandaoni mteja amekuamini macho yako. Wewe ndiye umeona kwa niaba yake.

Kwa winga: usichukue katoni kabla ya kuchomoa sampuli tano, na usichukue zilizo juu tu. Moja juu, moja chini, moja kila pembe. Nenda na betri na waya wako mfukoni. Mkubaliane mapema, kwa ujumbe wa maandishi, kwamba zisizozunguka unarudisha ndani ya siku tatu. Winga anayekataa hata hilo anajua kitu usichokijua.

MWALIMU JE?

Jumatatu yake nilimpigia. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Nikamwambia: "Mwalimu, juzi nilikudanganya. Sikuzijaribu." Akanyamaza. Nikamwambia nimeshazipima zilizobaki, nakuletea 14 nzuri bure kwa vile vigari saba, naleta mwenyewe.

Nilienda. Watoto walinizunguka nikawaonyesha jinsi ya kupima kwa mota mbili. Vigari vikaondoka. Lakini maonesho yalikuwa yameshapita na wazazi walishaondoka, hilo sikuweza kulirudisha. Kuna binti mmoja aliniuliza kama ningeweza kuja kabla ya Jumamosi. Sikuwa na jibu.

Mwalimu hakuagiza kitu muhula mzima. Muhula uliofuata akanitumia oda ya mota 30 na mstari mmoja chini: "Niandikie namba ya kila moja." Nikaandika zote 30. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya kazi, na walimu wengine wawili wamekuja kupitia kwake.

KAZI YAKO WIKI HII

Chukua bidhaa moja unayouza sana. Jiulize: mteja akifungua kifurushi, kitu cha kwanza atakachofanya ni nini? Ataichomeka? Ataivaa? Atamimina maji? Fanya wewe kwanza, kwa vipande kumi. Andika kwenye daftari vingapi vimefaulu. Halafu gawanya upya bei yako ya kununulia kwa vilivyofaulu tu.

Ukimaliza tuandikie hapo chini: unauza nini, umepima vingapi, vimefeli vingapi. Usione aibu, mimi nimeanza na 11 kati ya 80. Na yule mwenzako aliyeleta mzigo mpya leo na bado hajaufungua, mtumie somo hili kabla hajaanza kuposti.

Biashara njema wadau.